Pilipili Chini ya Nailoni ya Kijani

Pak Wiryono, yaani Bwana Wiryono, alipoletwa kuwa mkuu wa tarafa yetu, huku mlimani Java ya Kati, alitukuta tunaishi vizuri tu bila rangi maalumu. Hilo halikumpendeza. Mkoa ulikuwa umetangaza shindano la Tarafa ya Kijani, naye akalichukua neno hilo kama lilivyo. Ukuta wa ofisi ukapakwa kijani, mawe ya kando ya barabara yakapakwa kijani, na sisi makarani tukashonewa mashati ya kijani yaliyochuja rangi kwa jasho la kwanza. Mbuzi wa jirani walinusurika kwa sababu rangi iliisha.

Kisha macho yake yakaangukia mabanda ya pilipili ya Bu Tarmini.

Bu Tarmini, yaani Mama Tarmini, ni mjane aliyeongoza kikundi cha kina mama wakulima. Mabanda yao yaliezekwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na pilipili zilizaa hadi matawi yakainama. Mkuu akasema weupe ule unautia mlima upara, waamuzi wakiuona tumekwisha. Akaagiza nailoni ya kijani, ile nzito.

Bu Tarmini hakubisha. Aliomba tu kikao, na mtaalamu aulizwe. Mtaalamu tuliyekuwa naye ni Bu Retnani, mwalimu wa baiolojia tuliyemwita Bu Guru, ambaye kila mwaka aliwafundisha watoto usanisinuru: jani hupika chakula kwa maji yanayopanda kutoka mizizini na hewa ukaa inayoingia kwenye vitundu vyake, na moto wa kupikia ni mwanga wa jua. Alijua pia kwamba jani huonekana kijani kwa kuwa mwanga wa kijani ndio linaourudisha zaidi. Linaoufaidi hasa ni mwekundu na wa buluu. Ila mwaka huo nafasi ya mwalimu mkuu ilikuwa wazi, na pendekezo la jina lilipitia mezani kwa mkuu wa tarafa.

"Majani ya kijani, mwanga wa kijani," alisema Pak Wiryono. "Si ndugu hao, Bu Guru?"

Bu Retnani alikitazama kikombe chake cha chai. "Ni rangi inayoendana na mazingira, Pak."

Kikao kikafungwa, nailoni ikapanda.

Haukupita muda miche ikarefuka ikawa kama shingo za bata. Majani yakapauka, maua yakadondoka kabla ya kutunga. Mkuu akasema ni mbolea, ikamwagwa. Akasema ni maji, yakamwagwa mpaka mizizi ikaanza kunuka. Halafu akasoma kwenye simu kwamba mimea hula hewa tunayoitoa puani, akaamuru mazoezi ya viungo ya Ijumaa asubuhi yafanyiwe mabandani. Basi ofisi nzima, pamoja na walimu, tukaruka na kuhema katikati ya matuta, mwalimu wa michezo akipuliza filimbi na kutuhimiza tutoe pumzi kwa moyo wa uzalendo. Bwana afya alizimia kwa joto.

Wakati anapepewa, Bu Tarmini alimfuata Bu Retnani, akamwekea jani la manjano kiganjani.

"Bu Guru, binti yangu umemfundisha wewe. Anasema jibu ulilolitoa kikaoni, kwenye mtihani ungempa sifuri."

Bu Retnani aliniambia baadaye kwamba hata kofi lisingemuuma kama maneno hayo. Akapita katikati ya mimea hadi kwa mkuu, aliyekuwa anajifuta jasho.

"Pak, hewa ipo. Maji yamezidi. Kilichopungua ni mwanga, na kilichopungua ndicho kinachoamua. Kama moto hauna nguvu, hata ukiongeza mchele, wali hauivi. Nailoni hii inaipa mimea mwanga inaoutupa, inainyima ule inaoula."

"Yaani jani halitaki kijani?"

"Ndicho linachokikataa zaidi, Pak. Ndiyo maana tunakiona."

Pak Wiryono aliliangalia shati lake. Nilimhurumia.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Niliutaka ukuu wa shule, Pak."

Nyuma yangu mtu akakohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila kushindwa hakukuwa desturi yake. Jumatatu alitangaza kwamba utafiti wa tarafa umekamilika na umethibitisha ubora wa nailoni nyeupe. Ile ya kijani ikaezekwa kwenye maegesho ya pikipiki, ambako hadi leo tukisimama tunaonekana wagonjwa. Waamuzi walitupa nafasi ya tatu, wakausifu utafiti. Ukuu wa shule akapewa mwalimu wa michezo.

Mimea iliyooza ikang'olewa; iliyobaki ikachipua upya, taratibu. Siku ya kuchuma, kina mama walimwalika Bu Retnani. Walimtania kutwa nzima, wakimuuliza kila pilipili ina rangi gani, naye akavumilia. Jioni alirudi nyumbani na kikapu kimejaa, vidole vinawaka.