Kura ya Kaka Yangu Anfinn

Baba yetu alikuwa mkulima wa ngano huku Dakota, Marekani, na elimu yake ilikuwa Biblia na bei ya mazao, basi. Kwa hiyo kaka yangu Anfinn Tveit alipofungua ofisi ya uwakili juu ya duka la viatu pale Nyvik, mwaka 1908, mama alipanda zile ngazi mara tatu kwa siku moja, kuhakikisha tu kwamba jina bado liko mlangoni. Mimi, Ragna, ndimi niliyempigia kaka taipu.

Kilichomgeuza ni kesi ya Emil Karsky, kibarua wa mavuno aliyemuua msimamizi wake kwa uma wa kupakulia nyasi, wote wawili wakiwa wamelewa. Karsky alikuwa na hatia, na Anfinn hakubisha hilo hata siku moja. Aliomba tu mtu yule asinyongwe. Jaji akakataa. Kwa kuwa Karsky hakuwa na ndugu nchini, kaka alikwenda kusimama naye siku ya mwisho. Kamba ilikuwa imepimwa vibaya, shingo haikuvunjika.

"Dakika kumi na nne, Ragna," aliniambia aliporudi. "Nilikuwa natazama saa, maana sikujua la kufanya."

Mwaka uliofuata aligombea ubunge wa jimbo. Mdogo wetu Leiv, aliyekuwa akipima ngano kwenye ghala la stesheni, ndiye aliyemzungusha mashambani kwa gari la farasi, akimtania njia nzima.

"Mheshimiwa, ukifika huko waambie mvua inyeshe Jumanne. Jumatano nafua."

"Wewe hujawahi kufua tangu uzaliwe."

"Ndiyo maana nahitaji serikali inisaidie."

Alishinda. Ilimchukua miaka sita ya kubembeleza na kudharauliwa, lakini mwaka 1915 Bunge la jimbo lilifuta adhabu ya kunyongwa. Leiv alimbeba mabegani kutoka stesheni hadi kanisani, na mama akatugawia mikate bapa ya viazi kama vile ni Krismasi.

Leiv aliuawa Septemba 1921. Mpita njia mmoja aliingia ghalani akidhani mna fedha ya mavuno, akampiga kwa sepetu. Nilimwosha mimi. Sitasema zaidi ya hapo.

Muuaji alikamatwa siku ya pili, akahukumiwa kifungo cha maisha, kwa sababu sheria ya kaka yangu haikuruhusu zaidi. Watu wa Nyvik walikasirika, na hasira ikasambaa. Majira ya baridi ya 1923 mswada wa kurudisha kitanzi ulifika Bungeni. Mama alimwita Anfinn jikoni.

"Sikuombi uupiganie," alisema. "Siku hiyo uwe mgonjwa, tu. Nani atakulaumu?"

"Mama, ni mimi niliyewaambia watu ni kosa."

"Ulikuwa unamsema mtoto wa mtu mwingine."

Kaka alivaa kofia, akatoka.

Nilipanda treni kwenda Bungeni, nikakaa juu, mahali pa wasikilizaji. Alipoitwa alisimama na karatasi yake, akatazama wenzake, akaikunja.

"Mnamjua ndugu yangu," alisema. "Wengine wenu aliwapimia ngano. Namlilia kila siku. Lakini nilishaona kinachofanywa na kamba, na siwezi kusema kilikuwa kibaya kwa Karsky kisha kiwe kizuri kwa sababu leo msiba ni wangu. Napiga kura ya hapana."

Mswada ulianguka kwa tofauti ya kura mbili. Niliondoka kabla hajateremka kunitafuta. Nilirudisha funguo za ofisi kwa posta.

Uchaguzi uliofuata alipata kura chache kuliko mfuga nguruwe asiyejua kusoma. Wateja walimhama. Aliandika wosia za watu wa mbali wasiojua habari zetu. Mama alimwondolea kiti mezani, nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza miaka minane.

Machi 1931 mchungaji alinijulisha kwamba homa ya mapafu imemshika. Nilikwenda na supu. Alikuwa amelala palepale ofisini, nyuma ya rafu za vitabu, amekonda mpaka pete aliyoachiwa na baba imefungwa uzi isidondoke.

"Dada. Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Nilikuwa na hotuba mbili mfukoni. Ya pili ilikuwa ya kusema ndiyo. Niliiandika vizuri kuliko ya kwanza."

"Ningekupenda zaidi ungeisoma hiyo."

"Najua. Na mimi ningelala vizuri, kwa muda."

Nilimlisha. Alimeza vijiko vitatu, akaniomba nisimnung'unikie mama. Alifariki siku ya nne, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Mama alikuja mazishini, lakini hakukubali azikwe kando ya Leiv. Hatukubishana na mwanamke wa miaka themanini. Tulimzika Anfinn upande wa pili, karibu na uzio, ambako upepo huisogeza theluji ikarundikana mpaka Mei. Kila Jumapili mimi huanza kwa Leiv, ninang'oa magugu, kisha ninavuka makaburi ya watu kwenda kwa Anfinn. Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Huwaambia sijui ni nani kati yetu aliyepaswa kuomba msamaha, na huendelea kung'oa.