Mikono Imejaa Mbao

Redio yangu naweza kuizima. Ya Erastus, mwenye duka pale Khayega, siwezi, na Erastus anapendanga kuifungulia mpaka mwisho. Basi nikienda kununua chumvi nasimama kwanza kando ya barabara nisikilize. Wakiwa wanapiga ule wimbo, narudi Shinyalu bila chumvi. Watu wananicheka, ati Kageha siku hizi kichwa si chake. Wacha wacheke.

Ule wimbo ni wangu. Niliutunga mimi, kwa ajili ya ndugu yangu Onesmus.

Onesmus alikuwa seremala. Mwaka wa hamsini na saba alikuwa akijenga stoo ya mzungu mmoja wa kazi za barabara, mjini Kakamega. Siku hiyo amekumbatia mbao kwa mikono miwili, mzungu akatokea mbele yake. Enzi zile ukikutana na mzungu unavua kofia. Onesmus hakuivua. Angeivua na nini, jamani? Kwa meno? Mzungu akamwangusha, akampiga mateke ya tumbo pale chini, mbao zikiwa juu yake. Walipomleta nyumbani alikuwa ameshakata roho.

Mahakamani daktari wao alisema Onesmus alikuwa na bandama iliyovimba kwa malaria ya miaka mingi. Ati mtu mwenye bandama kama hiyo hata akijikwaa tu anaweza kufa. Jaji akatikisa kichwa, akasema ni bahati mbaya, mzungu akaenda zake kula chakula cha mchana. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye benchi. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikainuka tu na wengine jaji alipotoka. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Sauti ilinitoka siku ya makumbusho, tulipokutana kumkumbuka marehemu, baada ya kesi. Kwetu wimbo wa msiba una kazi yake: unamtaja mtu, unasema kilichomuua, ndipo watu wanaitikia. Nilisimama mbele ya boma letu nikaimba kwa Kiisukha chetu. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Onesmus, mikono imejaa mbao,
kofia ataivua na nini?
Msiniambie bandama,
niambieni kiatu.

Na watu wakaitikia: Njoo nyumbani, uji unapoa.

Wanaume walilia, wallahi, wale ambao hawajui kulia. Nikajisemea, basi, mahakama imesema lake, na sisi tumesema letu.

Mwaka uliofuata akaja mzungu mwingine, mpole, mwembamba, na gari lenye mashine ya kunasa sauti. Alikuwa anatafuta nyimbo za watu wa huku. Watu wakamwambia, nenda kwa Kageha. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alivua kofia yeye mwenyewe mlangoni pangu, nikachanganyikiwa kabisa. Nikamwimbia wote, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Niliona kama jina la ndugu yangu linapanda gari, linakwenda mahali ambapo yule jaji atalisikia.

Miezi ikapita. Siku moja nikinunua unga sokoni Khayega, Erastus akaniita mbio dukani, "Kageha! Uko redioni!" Nikakimbia na unga mikononi. Ni kweli, sauti ilikuwa yangu. Lakini Onesmus hayumo, mbao hazimo, kiatu hakimo. Walikuwa wamekata maneno yote, wakabakiza kiitikio, wakakizungusha na ngoma za isukuti juu yake: njoo nyumbani, uji unapoa, njoo nyumbani. Mtangazaji akasema kwa furaha, huo ni wimbo wa asili wa Waluhya.

Wimbo wa asili! Huyo Asili ni nani? Alikaa wapi akautunga? Mimi ndiye niliyekosa usingizi kwa ule wimbo. Nilimtafuta mzungu mpole, nikaambiwa amerudi kwao Ulaya na mikanda yake. Nikaenda ofisi ya habari mjini, karani Mwafrika mwenzangu akaniambia mambo ya kesi hayaingii redioni, na kwamba nishukuru. Nishukuru!

Basi wimbo ukapendwa. Akina mama wakabembelezea watoto. Arusi zikauchukua.

Sasa niwaambie kilichoniuma zaidi. Onesmus aliacha mtoto mmoja, Ayuma, akinyonya. Mama yake alipoolewa kwingine nilibaki naye mimi, shangazi yake. Ule wimbo sikuwahi kumwimbia. Wimbo wa msiba hauimbwi jikoni, unaita kifo ndani ya nyumba. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilikuwa nangoja akue, nimpeleke kaburini kwa baba yake, nimpe wote pale. Hicho ndicho kitu pekee cha baba yake nilichokuwa nimemwekea. Picha hatuna.

Mwaka wa sitini na tatu, Uhuru ukikaribia, Ayuma akarudi kutoka shule anarukaruka. "Shangazi, nimechaguliwa kutangulia wimbo! Tutaimba uwanjani Kakamega!" Akaanza kuimba pale pale mlangoni: Uhuru, njoo nyumbani, uji unapoa.

Asubuhi nilikuwa shuleni kwa Mwalimu Cleophas. Cleophas alimjua Onesmus, walipashwa tohara pamoja.

"Mwalimu, rudisha maneno."

"Dada Kageha, keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Mtoto wake ndiye anatangulia. Aseme jina la baba yake, mara moja tu, siku ya Uhuru. Nakuomba nini kikubwa?"

Akaenda kufunga mlango. "Yule mzungu wa barabara bado yuko," akasema. "Serikali mpya imemwomba abaki awafundishe vijana wetu kazi. Atakuwa jukwaani. Tumeambiwa yaliyopita yamepita."

"Yamempita nani?"

"Dada, nina watoto watano."

"Basi sema ni wangu. Sema tu wimbo ni wa Kageha."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kofi. "Nitasema nini, na redio kila siku inasema ni wa asili?"

Nilikwenda uwanjani siku yenyewe, nani angenizuia? Watu walikuwa wengi mpaka kwenye miti. Yule mzungu nilimwona upesi, amenona, ameketi mstari wa pili na kofia yake kichwani. Ayuma akatoka mbele na gauni lililopigwa pasi na mikono yangu hii, akafungua mdomo, na sauti yake, Mungu wangu, ilikuwa ya Onesmus kabisa. Ngoma zikaingia. Watoto wakaitikia.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasukuma watu mpaka kamba ya mbele, nikaimba kwa nguvu zangu zote: Onesmus, mikono imejaa mbao! Kofia ataivua na nini! Msiniambie bandama! Nilikuwa nalia, nimeinua mikono.

Mnajua walifanya nini? Wakapiga vigelegele. Mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia akacheza nami, mwingine akanichomekea kibendera kwenye kitambaa changu cha kichwa. "Mama amefurahi huyo!" wakasema. "Mwacheni acheze!" Ngoma zilikuwa zinameza kila neno. Kule jukwaani mzungu wa barabara aliniona, akatabasamu, akanipigia makofi. Nikaendelea kuimba mpaka sauti ikakatika, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kufurahi.

Tukarudi Shinyalu kwa miguu, mimi na Ayuma, kibendera bado kiko kitambaani. Mtoto alikuwa amenuna. Tulipoingia njia ya mahindi akalia.

"Umeniharibia, shangazi. Watoto wote wamekuona. Ule wimbo hauendi hivyo."

"Unaendaje?"

"Kama wa redioni."

Nikapiga magoti njiani, nikamshika mabega. Nikamwambia yote, mbao, kofia, mateke. Nikamwambia, huyo Onesmus wa kwenye wimbo ni baba yako, aliuawa, na yule aliyemuua alikuwa pale jukwaani leo akipiga makofi.

Ayuma akapangusa kamasi, akanitazama vile watoto wanavyotazama mtu mzima aliyekosea kitu rahisi.

"Baba alikufa kwa bandama," akasema. "Kila mtu anajua. Hata mwalimu alituambia, tulipofundishwa malaria."

Nilikuwa na wimbo tu, na wimbo wenyewe kwake ulikuwa makosa. Nikasimama, nikapangusa magoti, tukaendelea na safari. Baada ya muda hasira zilimwisha, watoto hawakai nazo sana, akaanza tena kuimba kwa sauti ile ya baba yake, polepole, akirusha mkono wangu mbele na nyuma: njoo nyumbani.

Akanyamaza, akangoja. Wimbo ule mtu akiutangulia, aliye karibu lazima aitikie, na njia nzima tulikuwa wawili tu.

"Uji unapoa," nikaitikia.