Klarineti Juu ya Uchaga

Machogu alipuliza, ukatoka mvumo wa hewa tu. Akaigeuza klarineti mwangani. Ufa mwembamba ulikuwa umeupasua mti wa mpingo kutoka juu hadi tundu la tatu.

Miaka kumi na mmoja katika bendi ya polisi, jamani! Mchana gwaride, jioni kujifungia stoo na muziki wa kale wa Ulaya ambao wenzake waliuita muziki wa matanga. Sasa, mwaka 1968, okestra moja ya Nairobi ilikuwa na kiti kimoja cha klarineti, naye aliitwa akasailiwe Jumatatu. Bendi alikwisha kuiaga. Ijumaa akaja kijijini kwao Nyaramba kutafuta baraka za mama yake, Nyamoita, mvua ikimnyeshea njia nzima.

Jua lilipokaribia kuzama, mama alinyoosha mikono. "Nipe hicho chombo, mwanangu. Sabato inaingia, kisilie humu ndani."

Akampa. Nani angemnyima mama yake? Nyamoita akaona sanduku limelowa. Akavitoa vipande vya klarineti, akavilaza kwenye uchaga juu ya meko, kando ya mahindi ya mbegu, mahali ambapo tangu aolewe aliweka kila alichokithamini kisije kikaliwa na wadudu. Kisha akaurundikia moto kuni nene, kama walivyofanya Waadventista wenzake kila Ijumaa, usizimike hadi Sabato itoke, maana kuwasha mwingine ndani ya Sabato ni kazi iliyokatazwa.

Sasa ilikuwa Jumamosi, jua limezama na Sabato imetoka. Nyamoita alisimama mlangoni akijifuta mikono kwa leso.

"Imekauka vizuri? Ilikuja imelowa chepechepe."

Hasira ilimpanda Machogu. Alitaka kulia. Alitaka kumwambia kwamba ameiua kazi ya maisha yake, na kwamba klarineti ya kuazima haipo. Akaitazama ile mikono iliyochubuliwa na kuchuma chai.

"Imekauka, Mama."

"Basi nipigie kidogo kabla hujaenda Nairobi."

"Siendi tena. Wameahirisha usaili."

"Hadi lini?"

"Hawajasema."

Uso wa mama ukachanua, furaha haikufichika. Akasema chai imekomaa, wachumaji ni haba, na Jumatatu wangeanza mapema. Akaingia ndani, akarudi na kikapu alichochumia chai marehemu baba yake Machogu. Akamvisha mgongoni, akaifupisha kamba kidogo, akarudi nyuma kumtazama.

"Kinakukaa sawasawa," akasema.