Siku ya Kumwona Bwana Malai

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, Sabri mpiga pasi alitia saini kwamba amefika kumwona mwanawe. Daftari lilikuwa juu ya meza ya plastiki kwenye lango la kituo cha vijana, kalamu imefungwa kwa uzi isiibwe, na msimamizi hakuinua hata uso. Saa tisa hadi saa kumi na mbili. Mahakama ilipomaliza kuwaachanisha Sabri na Hanan iliamua hivyo: saa tatu kwa wiki, hapo hapo kituoni, mbele ya watu, na mtoto asitoke nje ya lango hata hatua moja.

Kituo chenyewe kilikuwa uwanja wa saruji wenye goli moja. Akina baba kama ishirini walikaa humo na mashati yao ya kutokea, kila mmoja na mtoto wake na mfuko wake wa biskuti, na nyuma ya kila mtoto alikuwepo mtu wa upande wa mama, amekaa kama askari wa gereza aliyechoka. Sabri aliwachukia wote, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa kuwahi kufika.

Mlinzi wa Basant, binti wa Sabri, alikuwa bibi wa mtoto, Hajja Inshirah, mama yake Hanan. Alikuja na kiti chake cha kukunja, mbegu zake za tikiti za kubangua, na macho yake.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku kumi kufika Shamu Nasim, sikukuu ya kutoka nje kunusa upepo wa majira mapya, Basant aliingia mbio na karatasi mkononi. Alikuwa na miaka sita na nusu, na meno mawili ya mbele hayapo.

"Baba, nimejua kuandika jina langu! Lote!"

"Lote? Muongo wewe."

"Wallahi! Langu na lako." Akaweka karatasi kwenye goti la baba yake. Herufi zilikuwa zimelala kila moja upande wake, lakini zilisomeka: Basant Sabri. Chini yake alichora kitu kama gunia lenye masikio. "Na huyu ni Bwana Malai."

Kairo hakuna mtoto anayemwita kiboko kwa jina lake. Ni Bwana Malai, na kila mtoto mtaani kwao Imbaba alikuwa amekwenda bustani ya wanyama kumrushia majani, isipokuwa huyu.

"Watoto wa mjomba Mamduh wanasema anafungua mdomo hivi, unarusha fungu zima la majani, anameza kama gari la taka. Baba, si ulisema utanipeleka?"

Alikuwa amesema. Alisema mwaka juzi na mwaka jana pia. Sabri aligeuka akamtazama Hajja.

"Mtoto anaongea na wewe, unaniangalia mimi," Hajja akasema. "Kwani mimi ndiye kiboko?"

"Bi Hajja, siku moja tu. Shamu Nasim. Njooni nyote, mama yake, mjomba wake, watoto wote. Chakula juu yetu."

Hajja alitema ganda la mbegu, akalitazama lilipoanguka. "Muulize Mamduh."

Mamduh, kaka yake Hanan, alikuwa karani wa wakili, na alipenda karatasi kama wengine wapendavyo sigara. Alikuja mwenyewe kwenye kibanda cha pasi na mashati mawili, akasimama akimtazama Sabri anavyojaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kola.

"Atakuja na sisi, ataondoka na sisi," akasema.

"Sawa."

"Na popote atakapokuwa, mguu wangu utakuwa karibu na mguu wako."

"Njoo hata na kiti, Mamduh. Njoo na kitanda."

Mamduh akacheka kidogo, na ikawa wamekubaliana. Mashati ya Mamduh, Sabri aliyapiga pasi mara mbili.

Nyumbani shughuli ikaanza. Mama Sabri aliposikia nani watakuja alishika kifua.

"Mimi nile samaki na Inshirah? Mwanamke aliyehesabu vijiko jikoni mwangu siku binti yake anahama, akasema kimoja kimepotea?"

"Utakula na Basant, mama. Hajja atakuwa upande wa pili wa mkeka."

Mama akaachia kifua. Hakuwa amemgusa mjukuu wake tangu mwaka ule wa mahakama, maana saa tatu za kituoni zilikuwa za baba peke yake. Akasema, "Basi mkeka uwe mkubwa."

Nagwan, dada yake Sabri, alikuwa mcheshi wa nyumba na mkubwa wa sauti. Ndiye aliyegawa kazi. Mumewe, Shukri, angetoka alfajiri kwenda kutandika mkeka chini ya mtini unaokabili bwawa la kiboko, kwa sababu asiyetandika kabla ya jua kuchomoza hukaa karibu na vyoo. Mama angechambua samaki wa sikukuu, yule wa chumvi aliyevunda vizuri, ambaye harufu yake hupanda ngazi kabla ya mwenye nyumba. Nagwan angejaza wali kwenye majani ya mzabibu, sufuria mbili.

"Sufuria tatu," Mama akasema. "Wasije wakasema kwetu kuna njaa."

"Mama, tunakwenda kumwona kiboko au kumlisha?"

"Tatu!"

Mayai ya rangi ya sikukuu alichukua Sabri. Kwa siku kadhaa alikuwa akiuliza wateja namna ya kuyaandika. Jumamosi alasiri alikaa jikoni na kipande cha mshumaa, na mkono uliozoea pasi nzito ukashika yai jeupe kwa ncha za vidole. Aliandika kwa nta, herufi kwa herufi, kisha akalichemsha kwenye maji ya maganda ya vitunguu. Lilipotoka lilikuwa jekundu kama tofali, na katikati, pale nta ilipozuia rangi, jina jeupe: Basant Sabri. Nagwan alilitazama, akakosa la kuchekea. Akambusu kaka yake kichwani, akaenda roshani kushusha kikapu.

Maneno machache aliyoyasema pale roshani ndiyo yaliyoharibu kila kitu.

Alishusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofa ya nne, kama kila siku, akimtaka muuza duka amtilie ndimu na vitunguu vya majani. Muuza duka akapaza sauti kutoka chini, akimwita kwa jina la mwanawe: "Naona nyumba inanuka sikukuu, Mama Karim! Mnakwenda wapi?"

Na Nagwan, moyo wake umejaa, akajibu mtaa mzima ukisikia: "Tunakwenda kumwiba binti yetu! Tukimshika tu, moja kwa moja kwenye treni mpaka Tanta, waje wamtafute!"

Watu wakacheka. Muuza duka akacheka, akatia ndimu moja ya bure. Mkewe, aliyekuwa ndani akipanga mikate, hakucheka. Asubuhi ya Jumapili kwenye foleni ya mkate alisimama nyuma ya Hajja Inshirah.

Kabla ya adhuhuri Mamduh alikuwa mbele ya kibanda cha pasi, na safari hii mkononi hakuwa na mashati.

"Tanta kuna nini, Sabri?"

"Tanta?"

Mamduh akamweleza. Sabri aliweka pasi chini. "Ni Nagwan, Mamduh. Unamjua Nagwan. Siku ya harusi yangu alisema bibi harusi amekodishwa."

"Namjua. Mimi nilicheka, wallahi. Lakini mama yangu hajacheka, na Hanan analia toka asubuhi." Akafungua karatasi iliyopigwa chapa. "Nimefanya jambo dogo la kuwatuliza. Twende kituo cha polisi, dakika kumi tu. Utasaini mbele ya afisa, nami narudi nyumbani namwambia mama, haya, lala."

Sabri aliisoma akiwa amesimama. Mimi, Sabri Abdelmoneim, nakiri na kuahidi kwamba sitamteka, sitamficha wala kumtorosha mtoto Basant. Endapo nitafanya hivyo, nitahesabiwa kuwa mhalifu.

Ng'ambo ya barabara kinyozi aliacha kunyoa. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai waligeuza viti.

"Soma tena hapa," Sabri akasema. "Sitamteka. Nani asimteke nani?"

"Ni lugha ya karatasi, ndugu yangu."

"Umewahi kusaini kwamba hutaiba watoto wako?"

"Sijawahi kuambiwa."

"Na ungeambiwa?"

Mamduh alitoa kalamu mfukoni. Alikuwa mtu mkweli kwa namna yake, na pengine jibu lake lingekuwa ndiyo. "Sabri," akasema polepole, "ni jina lako tu. Liandike, umchukue mtoto amwone kiboko."

Hapo ndipo Sabri angeweza kuchukua ile kalamu. Lakini kinyozi alikuwa akisikia, na wale wa chai, na mtoto wa mkahawani aliyesimama na trei. 

"Mimi si mwizi wa mwanangu," akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Na jina langu haliandikwi kwenye karatasi za wezi. Mwambie mama yako!"

"Huyo ndiye mwanamume!" mmoja wa wale wa chai akajipiga kofi gotini. "Mungu akuweke, Baba Basant!"

Mamduh alikunja karatasi mara nne. "Niko nyumbani mpaka magharibi. Kalamu ipo."

Mchana kutwa watu walipita kibandani kumpa mkono. Mmoja alimletea juisi ya muwa. Sabri alikunywa, ikawa tamu, na alijua kuwa ni tamu kupita kiasi. Nyumbani mama yake alimkumbatia mlangoni.

"Hukuinama, mwanangu. Nimezaa simba."

Nagwan alikuwa amekaa sakafuni kando ya sufuria tatu, macho yamevimba. "Ilikuwa mzaha, Sabri. Nenda kasaini. Nitakwenda mimi nikambusu Inshirah miguu."

"Hakuna wa kumbusu mtu miguu hapa!" Mama akafoka.

Sabri alikaa jikoni, yai likiwa mbele yake kwenye kikombe. Kutoka hapo mpaka kwa Mamduh ni vichochoro viwili. Alihesabu nguzo za taa kichwani, akavaa viatu, akavivua, akavivaa. Alijiambia watakuja wao, watajua wamemkosea, watabisha hodi. Adhana ya magharibi ilianza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, na wa tatu, mpaka mtaa mzima ulikuwa unaita, kisha ikanyamaza. Hakuna aliyebisha hodi.

Jumatatu, siku yenyewe ya Shamu Nasim, walikwenda bila yeye. Samaki yule hawekwi, Shukri alikwisha kutandika mkeka, na watoto wa Nagwan walikuwa wamevaa tangu alfajiri. Sabri alifunga mlango wa kibanda kwa ndani, akakaa kati ya nguo za watu.

Walirudi alasiri. Mama yake alipita moja kwa moja chumbani, hakumtazama. Nagwan ndiye aliyesema.

"Tumemwona."

"Nani?"

"Basant. Mamduh aliwaleta wote, na Hajja." Alikuwa akikunja mkeka uliokwisha kukunjwa. "Alisimama pale kwenye uzio muda mrefu sana. Wenzake wanamrushia Bwana Malai majani, wanapiga kelele, yeye anageuka nyuma. Anatazama watu wote wanaopita. Anageuka tena, anatazama."

"Mlimwita?"

Nagwan akalia. "Mama alisema wasije wakadhani tumewafuata kumteka. Tulijificha nyuma ya mtini na samaki wetu mpaka wakaondoka."

Ijumaa iliyofuata saa tisa Sabri alitia saini daftarini kwa ile kalamu ya uzi. Mkono wake ulisita juu ya karatasi, na msimamizi, kwa mara ya kwanza, akainua uso kuona kuna nini.

Basant hakuingia mbio. Alikuja ameshikwa mkono na Hajja, akaachiwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki, miguu inaning'inia.

"Nimemwona Bwana Malai," akasema.

"Mkubwa?"

"Mkubwa." Akabembeza miguu. "Mjomba kasema hukuja kwa sababu ulitakiwa kuandika jina lako, hukuandika."

Hajja alibangua mbegu, akaangalia goli. Sabri alitafuta maneno, na yote aliyoyasema siku ile mbele ya kinyozi yalikuwa makubwa mno kwa kile kiti kidogo.

"Usijali, baba," Basant akasema. Alisogea karibu, akanong'ona ili bibi yake asisikie. "Wewe kila siku unapiga pasi tu, hukusoma. Mimi nitakufundisha. Jina lako si gumu, linaanza na ile herufi ya mviringo." Akatoa penseli kwenye mfuko wa gauni, akatafuta karatasi.

Sabri hakuwa na la kumpa ila alichokuja nacho. Alifungua leso, akamwekea yai viganjani.

Mtoto alilizungusha, midomo ikifuata herufi moja moja. "Ba-sant," akasoma. "Sab-ri." Akaangalia nyuma ya yai, kama kwamba aliyeliandika yuko huko. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kabla ya sikukuu."

Basant alimtazama baba yake. Kisha akairudisha penseli mfukoni.

"Kumbe unajua," akasema.