Nani Atavuta Tela

"Trekta yako haina hata kibanda, mvua ikinyesha utaendesha na mwavuli—"

"—mwavuli wa nini, kwani mimi keki—"

"—na breki zake je, Lammert? Nyuma wamesimama watu, si viazi—"

"—viazi vyangu havijawahi kuanguka hata kimoja. Wewe mwaka jana, pale kona ya kanisa, ulimmwaga mchezaji mzima wa kiungo kwenye maua ya watu."

"Aliruka mwenyewe."

"Ndiyo. Kama gunia linavyoruka."

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Hillie, na sisi wageni tulikuwa tumekaa kwenye viti vilivyopangwa duara sebuleni, kila mtu na kahawa yake na kipande chake kimoja cha keki. Lammert ni mume wa Hillie. Wolter, huyo aliyekuwa anamchokoza, ni kaka wa Hillie. Mwenye sherehe alikaa katikati yao, anakula keki polepole, macho yake dirishani. Ugomvi huu alikuwa ameshausikia tangu msimu uanze.

Huku kwetu timu ikifanya jambo kubwa haipandishwi kwenye gari la kifahari. Inapandishwa kwenye tela bapa la shambani, lile la kubebea nyasi kavu, trekta inalivuta taratibu mjini na watu wanamwagiana bia. Mwaka jana timu yetu ya Hulsterveen ilipopanda Ligi Kuu, mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, aliyevuta tela alikuwa Wolter, na trekta yake mpya ya kijani yenye kibanda, redio na kiti kinachopasha joto makalio. Lammert naye alivuta. Alivuta vyoo. Vile vya kukodi, vya plastiki, vya bluu, akavipeleka mpaka uwanja wa soko na trekta nyekundu aliyoachiwa na baba yake.

Tangu siku hiyo Wolter akawa mtu. Picha yake ilitundikwa kwenye duka la chipsi, juu kabisa ya kikaangio, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine hewani. Muuza nyama akawa anamwongezea soseji. Na mgema akisifiwa, mnajua. Mwezi wa Agosti alikuwa anasema, "Siku ile nilipowavuta vijana." Kufika Oktoba akawa anasema, "Siku ile tulipopanda, mimi na vijana." Kufika Krismasi vijana wenyewe walikuwa wameshapungua kwenye hadithi.

Lammert hakuweza tena kununua chipsi bila kumtazama shemeji yake usoni. Akahamia duka la kijiji cha pili, ambako chipsi ni laini kama vidole vya mgonjwa, akawa anazila ndani ya gari huku anasema tamu sana.

Msimu wenyewe ulikuwa mgumu. Wale wa Amsterdam walitupiga sita na walikuwa wanacheza kama watu wanaosubiri treni. Lakini nyumbani tulikaza. Siku tuliyowafunga wale wa Eindhoven, moja bila, watu walishuka jukwaani wakaenda moja kwa moja kumpa mkono Wolter, kana kwamba krosi ilitoka kwake. Lammert alipiga makofi pia, kwa adabu, kama mtu anayempapasa mbwa aliyewahi kumuuma. Wiki ile ile akaficha samaki wa moshi chini ya kile kiti chenye joto. Wolter alimwogesha mbwa wake mara mbili kabla hajamwona samaki, na hata alipomwona alicheka tu. Hilo ndilo lililomuuma Lammert zaidi. Mtu ana furaha mpaka samaki aliyeoza hamharibii siku.

Ikabaki Jumapili ya mwisho. Tulikuwa ugenini, kusini kabisa, Limburg, na tulihitaji sare tu. Tukipata sare tunabaki Ligi Kuu na tela linatoka. Tukifungwa tunashuka daraja. Chama cha mashabiki kikaitisha kura ya mikono, nani avute. Mikono ya Wolter ilikuwa kama shamba la mahindi. Wa Lammert ulikuwa mmoja, na mwenye mkono alikuwa Lammert. Hillie alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Vyoo je?" mwenyekiti akauliza. "Lammert, utatusaidia tena?"

"Nitawasaidia," akasema Lammert, na sauti ilimtoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Jumapili tukakusanyika uwanja wa soko mbele ya skrini kubwa. Upande mmoja tela limefungwa nyuma ya trekta ya Wolter, riboni nyekundu na nyeupe kila mahali, mpaka kwenye bomba la moshi. Upande wa pili, karibu na benki, Lammert na vyoo vyake. Jamaa alikuwa na shida ya kweli. Alitaka Hulsterveen ibaki. Amekaa jukwaa lile tangu anabebwa mabegani. Na alitaka Wolter asivute. Lakini viwili hivyo haviuzwi kimoja kimoja popote duniani: timu ikibaki, Wolter anavuta.

Mpaka karibu na mwisho ilikuwa sare, bila kwa bila. Wolter akapanda kibandani, akawasha injini, akashusha kioo, akatupungia. Mpira bado haujaisha na jamaa anapunga. Lammert alimtazama yeye, si skrini. Ikapigwa kona. Douwe Rinsma, kipa wetu na nahodha, akaruka juu ya wote, akaudaka, na ukamponyoka mikononi kama sabuni bafuni. Goli.

Injini ya Wolter tu ndiyo ilikuwa inanguruma. Ikazimwa.

"Umecheka," akasema Hillie.

"Sijacheka."

"Mdomo wako umepanda upande huu."

"Jua lilinipiga."

"Kuna mawingu, Lammert." Hakupandisha sauti. "Nimeolewa na huo uso. Nimeuona."

Alijifunga koti, akasogea hatua kadhaa, akasimama na mama mmoja wasiyejuana vizuri.

Filimbi ya mwisho ikalia, tumeshuka daraja, na Wolter akalifungua tela. Alibandua riboni moja moja, akazikunja mfukoni, pua nyekundu. Watu wakamwambia asubiri basi la wachezaji lifike, akatikisa kichwa. "Tela ni la washindi," akasema, "mimi sitazamwi nikivuta msiba." Akaondoka na trekta yake ya kijani, na tela likabaki peke yake katikati ya soko, mguu wake wa chuma umesimama kwenye mawe.

Basi, Lammert alikuwa amepata. Wolter hakuvuta. Alikuwa na kichekesho tayari kuhusu zile riboni, alikipanga zamani, akazunguka anatafuta wa kumwambia. Mmoja alikuwa analia. Mwingine alikuwa amemfunika mtoto wake masikio. Kichekesho kikamrudi tumboni.

Zaidi yake Wolter, hakuna aliyeenda nyumbani. Mvua ndogo ikaanza, tukabaki. Basi lilipoingia bado kulikuwa na mwanga, na kupitia vioo tuliwaona vijana wameinama, kofia za koti usoni, kila mmoja anamngoja mwenzake ashuke kwanza. Wengine wetu tulipiga makofi kidogo, tukaacha.

Akashuka Douwe. Jitu kubwa lile, kwenye ngazi za basi lilionekana dogo. Akalitazama tela. Akazitazama nyuso zetu, akajilazimisha, akaanza upande mmoja mpaka mwingine. Kisha akaona vyoo.

"Hiyo trekta nyekundu ya nani?"

Vichwa vyote vikageuka. Hillie naye akageuka.

"Yangu," akasema Lammert. "Lakini imefungwa vyoo."

Douwe akaja mpaka mbele yake. Mikono ile iliyoponyokwa na mpira akaificha makwapani.

"Vifungue hivyo, kaka," akasema. "Ufunge tela. Nakuomba utupitishe mtaa kwa mtaa, taratibu, na mimi nisimame mbele, wote wanione."