Ubeti wa Mpiga Pasi

Mvuke ulimpiga usoni, akageuza shuka na kulianza shairi upya. "Mke wangu wa thamani, alilala kwa amani." Mizani nane kwa nane, vina vimekaa. Lakini kila alipofika mwisho, alirudi mwanzo.

Pale kwa dobi walimwita Malenga, nusu heshima, nusu utani. Jioni hiyo ukoo mzima ungekuja kumsikia akimuaga mkewe kwa shairi, na yeye tangu mazishi hakuwa amepata usingizi wa maana. Miguu ilimvimba. Hata pasi ilikuwa imeongezeka uzito.

Binti yake aliingia na chupa ya chai. Naye alikuwa mtunzi, ila wa mashairi huru. Siku moja baba aliyaita barua iliyokatwakatwa kwa mkasi; binti akamjibu kwamba yake ni jela iliyopakwa rangi. Tangu hapo ushairi haukuzungumzwa tena mezani.

"Umefika wapi, baba?"

Akamsomea. Binti akaitua chupa taratibu.

"Hakulala kwa amani. Tulikuwepo, mimi na wewe. Alikohoa mpaka akashindwa hata kutuita."

"Unadhani nimesahau? Bibi yako tulimwambia alilala tu. Halafu kina kinadai 'ni'. Ushairi una sheria zake, mwanangu."

"Usiisingizie sheria. Sema 'hakulala'. Hesabu."

Akahesabu kwa vidole. Nane. Akarudia, akiomba moyoni ipungue hata mizani moja. Haikupungua.

"Baba, pasi!"

Aliinyanyua, lakini doa la kahawia lilikuwa limeshakaa katikati ya shuka la watu. Akalitazama bila nguvu ya kukasirika.

"Basi usome lako," alisema. "Lako halina wa kulibana."

"Nimejaribu. Nikianza tu nalia, na sioni pa kushika. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mpiga pasi akaketi kwenye benchi, akasogea kumpisha naye akae.

Jioni sebule ilijaa. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, mkongojo magotini. Mpiga pasi akasimama.

"Mke wangu wa thamani, hakulala kwa amani."

Minong'ono ikazuka. Shemeji mmoja akamkonyeza anyamaze. Mama mkwe akainua uso.

"Nilijua mnanificha," alisema. "Mtoto wangu hakuwa mtu wa kuondoka kimyakimya. Endelea, mwanangu."

Akaendelea. Mstari wa pili ulifika katikati, pale pa kuvuta pumzi, sauti ikamkatikia. Mizani nane zilibaki wazi. Binti aliyajua maneno yaliyofuata. Midomo ikamcheza, lakini hakuyatamka; nafasi ile akamwachia mama yake. Ilisikika pumzi ya yule bibi kizee tu, ikienda na kurudi, na chumba kizima kikaisubiri.