Panya wa Kadi ya Bluu

Gari la daktari lilikwisha kutoka kivulini, mafaili yamelala kiti cha nyuma, ndipo Mjomba Pumba alipolifuata mbio, gambuti zikimlia pwata-pwata.

"Mjomba, panya wamekutoroka?" mlinzi wa geti alicheka.

"Funga geti kwanza, mdomo utafuata!"

Jina la Pumba alilipata kwa kubadilisha maranda ya mbao kwenye vizimba vya panya wa maabara, miaka kumi na tisa. Asubuhi ile, akiwa anaosha chupa, daktari alimwambia wamegonga mwamba. Vitoto vya panya vya wiki tatu vilidungwa udongo mweupe kisogoni ili maji ya ubongo yakose njia, vichwa vikavimba. Wenye kadi nyekundu kizimbani walipewa dawa mpya ya kupunguza maji hayo. Wa bluu, maji ya chumvi tu.

"Uzito uleule, wekundu kwa bluu, mjomba. Dawa haina lolote. Leo nawaambia wakubwa tuifunge kazi."

Mjomba Pumba alibaki ameshika chupa. Chakula cha panya hukaa juu, kwenye wavu wa mfuniko. Panya hunyanyuka akakitafuna. Wale wa bluu vichwa viliwaelemea. Basi yeye kila asubuhi aliwalowekea chakula, akawawekea chini kwa kijiko. Nyumbani binti yake alimlisha hivyo hivyo mwanawe wa miezi minane, kichwa kikubwa, macho yamezama chini. Kila Jumapili binti huyo aliuliza, "Baba, ile dawa ya panya imefikia wapi?"

Sasa dawa ilikuwa inakwenda kuzikwa ingali hai.

Alishika dirisha la gari, anahema.

"Daktari mwanangu, usiisingizie dawa. Mimi ndiye niliyewalisha."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Niliwalowekea. Wa bluu peke yao. Wekundu walijitegemea."

Daktari alizima injini.

"Wiki ngapi?"

"Zote."

"Mjomba! Kumbe nilikuwa napima kijiko chako!" Akafunga macho. "Hawa hawafai tena. Itabidi vitoto arobaini vingine. Udongo uleule, sindano ileile. Na safari hii hakuna wa kuwalowekea."

Arobaini. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Alitazama mikono yake.

"Na dawa?"

"Dawa bado haijafa."

"Basi anza upya, mwanangu. Maji yameshamwagika."

Panya wa kadi zote mbili waliuawa wiki ile. Mjomba Pumba alihamishiwa bustanini, na funguo za vizimba akanyang'anywa. Vile vitoto arobaini vilidungwa. Wa bluu walikonda, kumi na mmoja wakafa kabla ya mwisho. Dawa ilionekana kusaidia kidogo, sasa inajaribiwa kwa wanyama wakubwa zaidi. Haijamfikia mtoto yeyote. Mjukuu alitiwa mpira wa kupitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira uliziba mara moja, ukabadilishwa. Anakaa bila kushikwa, jicho moja halioni vizuri. Daktari humsalimia Mjomba Pumba akipita bustanini, wala hasimami. Mlinzi yupo palepale getini.